Ndevu Zangu Si Msiba

Kwekibuyu, juu ya Soni,
Jumanne, ukungu bado haujapanda.

Kwa Mzee Stephano,
Mshenga wa ukoo wa kijana Kristian,
Bumbuli.

Ndugu Mshenga,

YAH: NINYI KURUDI BUMBULI BILA KUPOSA, KWA SABABU YA NDEVU ZANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi kwa miaka mingi, barua za namna hii nimezibeba kwa mafurushi, kwa hiyo usidhani sijui zinavyoanza. Zinavyoendelea ndiyo sikuwahi kuona, maana zilikuwa zimefungwa.

Anayekuandikia ni Tobia Shemhilu, mwenye ndevu ndefu kuliko zote kuanzia Soni mpaka Lushoto mjini. Waulize wanaopakia kabichi pale njia panda, watakuambia.

Niliacha kidogo kuandika hapo. Jirani yangu Ustadhi Abubakari amepita kunisalimu, na ndevu zake zinafika kifungo cha pili. Basi tuseme mimi ni wa pili. Halafu nimemkumbuka yule muuza ugoro wa sokoni. Haya, ukweli ni huu: zangu hazijazidi urefu wa punje ya haragwe iliyosimama wima. Mbele ni nyeupe, pembeni zina rangi ya majivu, na upande wa kushoto kuna mahali hazikuota kabisa, panafanana na shamba la mahindi lililopitiwa na ngedere. Lakini ni zangu, na zimeota bila msaada wa mtu.

Pia nakuomba radhi kwa mwandiko. Ukiona herufi zinacheza ngoma, usidhani mwandishi ametoka kilabuni. Ni meza hii. Mguu wake mmoja ni mfupi, nikiweka kiwiko tu inayumba kama ndama wa siku ya kwanza. Kwa kuwa kijana wenu Kristian ni seremala, mwambie siku akija abebe randa auangalie. Hilo si lalamiko, ni taarifa. Malalamiko yanafuata, nami nimeyapa namba ili ukijibu usiruke.

1. Kuhusu siku yenyewe.

Mlituma taarifa kuwa mtakuja Jumamosi mchana kumposa mjukuu wangu Raheli. Tukajiandaa kwa mchana. Ninyi mkafika asubuhi. Mlipokunja ile kona ya mwisho, mkanikuta nimekaa nje kwenye kigoda, blanketi begani, ndevu usoni, moto mkubwa unawaka uani, na wanawake wamekaa kwenye mikeka wameinama, kimya.

Najua mlichofikiri. Sote tumezaliwa milima hii. Mwanamume akiacha kunyoa, akajifunika blanketi, akawashiwa moto nje, huku kwetu watu hawamuulizi kitu, wanavua kofia. Lakini Ndugu Mshenga, mtu mzima mwenye miwani anapaswa kutazama mara mbili. Blanketi lilikuwa la mwezi wa saba. Moto ulikuwa wa makande. Wale wanawake walikuwa wananichambulia maharage ya kupeleka sokoni, na walikuwa kimya kwa sababu Hidaya, jirani yetu, alikuwa ametoka kumwambia mwenzake kwamba anachambua polepole ili chakula kimkute. Kila mmoja alikuwa na ungo magotini. Ni msiba gani huo ambao wafiwa wanaomboleza na nyungo?

Ukavua kofia. Shangazi yake Kristian, Bi Mariamu, akajitanda kanga kichwani, akaja mpaka nilipokaa, akasema, "Makiwa, baba."

Nikajibu, "Asante."

Hapo ndipo wanaponilaumu wote nyumbani, na mimi nasema sina kosa. Katika baridi ile, kila anayepita mlangoni kwangu hunipa pole. Huwezi kumhoji mtu pole yake ni ya nini. Pole ni kama ugoro, ukipewa unapokea.

Mke wangu Eliza akatoka na mwiko wake, akawaambia karibuni, tulikuwa tunawasubiri. Nawe ukamjibu kwa sauti ya chini kwamba msingeweza kusikia mkakaa. Sasa hebu pima mwenyewe maneno hayo. Mwenye kuposewa akiyasikia ni ya posa, mwenye kufiwa akiyasikia ni ya msiba. Mkaendelea hivyo kwa muda mzuri tu, kila mmoja akijibiwa sawasawa na hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake.

2. Kuhusu mimi kudaiwa kwamba nililia.

Bi Mariamu alinishika mkono, akakuta unatetemeka. Akaukamata kwa mikono yake yote miwili, akaniambia, "Lia tu, baba, usijizuie." Ninaomba iandikwe popote panapoandikwa mambo kama haya kwamba sikulia. Machoni ulikuwa moshi. Mkononi ilikuwa baridi. Hata kile kikombe cha uji kilichomwagikia kitenge chake ilikuwa baridi hiyohiyo, na kilikuwa kimejaa kupita kiasi.

Lakini mama yule ana moyo mwema. Alipoona silii, akaanza kulia kwa niaba yangu. Hidaya hajui kumwacha mtu alie peke yake, naye akaweka ungo chini akaanza. Wa mikekani wakafuata. Kila nilipofungua mdomo kueleza, Bi Mariamu alininyamazisha: tunajua baba, usiseme, tunajua. Basi mbwenu, kilio kilipokolea, nikaanza kujiuliza moyoni labda kweli kuna mtu amefariki na ni mimi tu sijaambiwa. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Nikamwona mzima kabisa, kasimama mlangoni na mwiko, ananitazama kama mtu anayesema kwamba ningekuwa mimi ndiye maiti, mambo yangekuwa na unafuu.

Ukaomba dua fupi nzuri. Sikumbuki ulimwombea nani, ila nilisema amina. Kisha mkainuka mkasema hamtaki kutuchosha, na mkaondoka kabla chai haijatoka ndani.

4. Kuhusu kuku. (La tatu lilikuwepo, limenitoka. Likirudi nitaliweka litakapofikia.)

Mlipoaga mliacha kuku mweupe, sukari, na kitenge kizuri cha rangi ya udongo. Mkasema ni kidogo mlichojaliwa. Hamkusema ni cha nini.

Sasa hapa, Ndugu Mshenga, nataka unisikilize vizuri, maana nimeliwaza jambo hili nikiwa nachunga moto. Kuku wa msiba huliwa siku hiyohiyo pamoja na waliomleta. Kuku wa posa haguswi mpaka pande mbili zikae zikazungumza. Kuku wenu si wa msiba, kwa sababu hakuna aliyekufa. Si wa posa, kwa sababu hakuna aliyeposa. Ni kuku asiye na kazi. Eliza hawezi kumchinja na hawezi kumrudisha. Analala chini ya kitanda cha Raheli kama mgeni wa heshima, na ameshaanza kutaga.

Mayai je, ni ya nani? Nilikwenda kwa Ustadhi Abubakari nipate ushauri wa mtu aliyesoma. Akakuna ndevu, akasema kwamba kwa jinsi anavyoona yeye, yai halina ukoo, kisha akaenda nayo machache ili alitafakari zaidi suala hilo.

Ninachodai ni kimoja. Kama kuku ni wa msiba, nitajieni jina la marehemu ili nami nimlilie, maana nimepokea machozi ya watu bure. Kama ni wa posa, basi posa imeshaingia ndani ya nyumba yangu, inakula mtama wangu, inawika—samahani, inatetea—na kilichobaki ni maneno tu, nayo maneno ndiyo kazi ya mshenga.

5. Kuhusu ndevu zenyewe, ambazo zimeonewa.

Nimesikia kwamba huko Bumbuli mnasema mzee mwenye akili zake haachi ndevu bila sababu. Mimi ninazo sababu, na ni nyingi kuliko ndevu.

Nilipokuwa tarishi, mkuu wetu wa ofisi alikuwa na tabia ya kupitisha karatasi kwenye kidevu cha kila mtu asubuhi. Karatasi ikikwama unarudi nyumbani. Kwa hiyo nilinyoa kila siku ya kazi, na siku za sikukuu nikanyoa kwa woga. Nilipostaafu nikaendelea kunyoa kila siku, miaka yote hiyo, bila karatasi na bila mkuu. Hivi karibuni nikajiuliza: Tobia, unamnyolea nani? Nikaacha.

Na faida nimeziona. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka Magamba, wenzangu wanafunga mitandio shingoni kama wanawake waliojifungua, mimi natembea na blanketi nililoliotesha mwenyewe. Maji ya moto yaliyokuwa ya kidevu sasa Eliza anaoshea vyombo. Watoto wa jirani waliokuwa wakiniibia matunda damu sasa wakiniona wanaamkia wakiwa bado wako mbali. Heshima imepanda hata kwa wakubwa. Ustadhi ananisalimu kwa bashasha ambayo sikuijua. Mchungaji wetu naye Jumapili alinitazama sana wakati wa mahubiri, akaniomba nibaki baada ya ibada, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo limebadilika. Nikamwambia, Mchungaji, tazama zile picha za Shule ya Jumapili zilizo ukutani. Nionyeshe nabii mmoja aliyenyoa. Akatazama. Akasema tuombe.

Kuna wanaosema kwamba niliacha kunyoa wiki ileile iliyofika taarifa yenu kuwa mnakuja. Ni kweli, ni wiki hiyo. Imetokea tu. Usilikalie hilo.

6. Kuhusu habari kuenea.

Mlipofika Bumbuli mkatuma neno kwamba ukoo umeona si adabu kuzungumza ndoa katika nyumba yenye msiba, na kwamba mtasubiri mpaka tutakapoanua matanga. Tulituma jibu kwamba hakuna msiba. Mkarudisha neno kwamba mnaelewa, uchungu wakati mwingine hukataa.

Sasa tufanye nini? Neno lenu lilipita njia panda ya Soni, likatelemka Mombo, likafika Muheza kwa binamu yangu. Binamu akaja na gunia la machungwa, analia kuanzia kule chini barabarani. Akauliza ni nani. Tulipomwambia hakuna, akakaa kwenye gunia akalia upya, safari hii kwa ajili ya nauli. Kwaya ya akina mama ikaja kuimba. Nikawaambia hakuna msiba, wakasema basi kwa kuwa wameshapanda mlima wataimba tu, wakaimba zile za huzuni kwa sababu ndizo walizokuwa wamezifanyia mazoezi. Mzee wa kanisa amekuja na kalamu kuuliza jina la marehemu atangaze Jumapili. Nilimwambia hayupo. Akaandika "hayupo", akaniambia nijipe moyo.

Nimelipima jambo hili kwa pande zote. Ili mje kuposa, lazima tuanue matanga. Ili tuanue matanga, lazima kuwe na marehemu. Kwa hiyo ninyi Wabumbuli mnanidai maiti, nami sina. Nimetazama ndani ya nyumba kama kuna anayefaa. Eliza amekataa. Nilichopata ni redio yangu, ambayo ilikata kauli wakati wa masika, ikiwa katikati ya taarifa ya habari. Kama ukoo utaridhika, niko tayari tuikalie matanga, tuizike nyuma ya migomba, kwaya ipo, machungwa yapo, kisha mje. Hilo naliandika kwa moyo wote, usilichukulie kama mzaha.

3. Limerudi.

Ni kuhusu Raheli. Sijui lilinitokaje, maana ndilo lililoniketisha hapa.

Wakati ninyi mnalia uani, yeye alikuwa ndani. Mwali anayeposwa hatoki mpaka aitwe, nawe unajua. Alikuwa ameamka alfajiri akakaanga maandazi, akavaa ile nguo ya bluu aliyoishona kwa Krismasi, akapanga vikombe kwenye trei. Akasikia vilio. Akadhani ni habari mbaya mmeileta ninyi. Akasimama nyuma ya pazia na trei yake mikononi akisubiri kuitwa, na aliposikia sauti za kuaga akatoka mwenyewe. Mlikuwa mmeshapita kona. Chai ilipoa ikiwa mikononi mwake, hakuiweka chini.

Sasa mwezi ujao Kristian anatelemka Magoma kwenye kazi ya kutengeneza madawati. Akishuka bila ya jambo hili kuwa na neno lolote, harudi mpaka masika mengine, na wewe uliwahi kuwa kijana, unajua masika mengine ni mbali kiasi gani. Raheli kila asubuhi anakuja, anapiga goti, "Shikamoo, babu," nami naitikia marahaba, basi, anakwenda shambani. Ndiyo yote ninayopata. Huyu ndiye mtoto ambaye tangu ajue kusema mimi namwita mke wangu mdogo, naye ananiita mume wangu kikongwe, na alikuwa akimwambia Eliza mbele ya wageni kwamba zamu ya leo ni yake, Eliza akalale kwa kuku. Kwa utani wetu Kristian ni mume mwenzangu, na nilikuwa nimeandaa matusi mazuri ya kumpokea nayo. Yameozea kinywani.

Hidaya anasema sokoni kwamba nilifuga ndevu makusudi ili niwafukuze wachumba. Huyo nitamjibu siku akihitaji mtu wa kumbebea gunia.

7. Kuhusu ushauri kwamba ninyoe.

Kila mtu ananiambia jambo moja. Eliza, Mchungaji, hata binamu kabla hajapanda gari la kurudi: nyoa, mzee, yaishe. Ndugu Mshenga, hawa watu hawafikiri. Huku kwetu kunyoa ndiko kunakomtoa mtu msibani. Nikionekana kesho kidevu kimeng'aa, kijiji kizima kitasema, enhe, tanga limeanuliwa, kumbe alifiwa kweli na alikuwa anatuficha. Halafu wataanza kuuliza ni nani, na kwa nini nilimzika kimya kimya, na pengine Mtendaji wa Kijiji atataka kuonyeshwa kaburi. Kunyoa kwangu ndiko kutakuwa ushahidi. Kadiri ninavyobaki na ndevu, ndivyo ninavyothibitisha kwamba hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ndevu hazitoki, hata mkija na tarumbeta. Mnachotakiwa ni kuja Jumamosi hii, mvae nguo za furaha, msivue kofia, mzikute ndevu zangu mahali pake, mzisalimie kama mnavyosalimia ndevu za mtu yeyote, na mseme lililowaleta. Mkono wangu uko imara kuliko mti wa mvule, ndevu zangu nitazitunza mwenyewe kwa mafuta ya nazi na kitana cha mke wangu, na simhitaji mtu yeyote katika jambo hilo.

Nakutakia afya njema wewe na nyumba yako. Eliza anakusalimu, ingawa ameuliza unavaa miwani ya nini. Ustadhi anasalimu, anasema bado anatafakari. Nisalimie Bi Mariamu, mwambie machozi yake nimeyahifadhi, siku moja yatamfaa mtu. Wasalimie vijana wa karakana ya Kristian, na yule mzee kipofu anayekaa karibu na njia inayokwenda kwenye mashamba ya chai, ambaye angetuona siku ile angeona vizuri kuliko ninyi. Kuku naye ni mzima.

Ni mimi, mfiwa wa uongo,

Tobia Shemhilu,
Tarishi Mstaafu.

Nyongeza, kabla bahasha haijalambwa:

Nilimpa Raheli barua hii asahihishe, maana yeye amefika kidato cha nne na mimi niliishia darasa la nne, siku ambayo ng'ombe wa baba alipotea. Aliisoma akiwa amesimama. Hakucheka hata kwenye redio. Alipoimaliza alirudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena mahali pamoja, akaishika meza kwa mkono, akaitikisa. Haikuyumba.

Akaenda jikoni. Akarudi na maji ya moto, sabuni na wembe. Akasema, "Kaa, babu."

Nikakaa.

Ndugu Mshenga, hili hukulijua na hukuwa na namna ya kulijua. Tangu mwaka juzi mkono wangu haushiki wembe. Hauwezi. Nilijaribu, nikatoka nje watu wakadhani nimepigana na paka. Tangu siku hiyo Raheli ndiye aliyekuwa akininyoa kila asubuhi, jikoni, mlango umefungwa, kabla jirani hajaniona, na ndiyo maana kijiji kizima kinaamini nina mkono wa kijana. Iliposikika kwamba mnakuja kumchukua, nikaona ni bora nianze kuzoea. Zile habari za manabii zilikuja baadaye.

Nilimweleza hivyo huku povu likiwa usoni. Akasimamisha wembe shingoni kwangu, mahali ambapo si pazuri kumkasirisha mtu, akauliza, "Ndilo hilo tu? Mbona hukusema?"

Nikamwambia ningesema, asingekwenda.

Akaendelea kunyoa. Ila shavu la kushoto alilipitia mara nyingi kuliko lilivyohitaji, na lile ndilo lenye ndevu chache. Kisha akanifuta kwa kanga yake, akanitazama, akasema, "Mume wangu kikongwe, unafanana na yai." Eliza akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi ndevu hazipo tena. Lalamiko la tano lifute. La saba lifute. Lile la meza pia, miguu yake yote iko sawa. Hidaya ameshapita, ameniona, ameshatangaza kwamba tumeanua matanga, na kwa mara ya kwanza nimemshukuru. Kuku ni wa posa. Tumekubaliana mimi na Eliza, naye kuku hajapinga.

Limebaki moja dogo, na hili nalidai kwa haki. Kabla ninyi hamjajua lolote, niliwakuta Kristian na Raheli bombani, wamesahau kwamba ndoo imejaa inamwagika. Nikajifanya natafuta mbuzi wangu aliyepotea. Nikazunguka vichakani nikimwita kwa jina mpaka koo likakauka, ili wapate muda wa kukaa mbalimbali. Mbuzi sina, na sijawahi kuwa naye. Kijana anajua.

Basi Jumamosi mkija, aache randa nyumbani, alete wembe mpya. Mkono wa seremala hautetemeki. Raheli atamwonyesha pa kupita taratibu, kuna kovu chini ya sikio la kushoto. Akishajifunza, awe anakuja kuninyoa kila Jumamosi, hata akiwa Magoma apande tu, nami niingie kanisani nikiwa na uso wa binadamu. Aje na mwalimu wake, asije akasahau akanikata. Za Jumapili mpaka Ijumaa ziachwe ziote. Hizo nitazitunza mwenyewe.